Appalachian Trail: siku ya njiani inakwendaje, na mjini ushuke kila baada ya siku ngapi?

Nyika_Taratibu aliuliza:

Wakuu, habari za humu. Ninapanga kuitembea Appalachian Trail yote, ile njia ndefu ya miguu ya milimani Marekani, kuanzia Springer Mountain kule Georgia mpaka Katahdin, Maine. Naanza mwanzoni mwa Aprili. Vifaa nimeshamaliza, shanta ikiwa haina chakula wala maji inasimama kwenye kilo 8.2. Kinachonichanganya ni maisha yenyewe ya kila siku na hivi vituo vya miji midogo.

Naomba wenye uzoefu mnijibu haya:

1. Nibebe chakula cha siku ngapi kwa mara moja, na kiasi gani kwa siku?
2. Nijitumie maboksi ya chakula kwa posta, au ninunue nikiwa njiani?
3. Nikishuka mjini nifanye nini kwanza na nini baadaye, ili nisije nikapoteza siku mbili bila sababu?
4. Nitaingia Marekani kwa viza ya utalii. Miezi 6 inatosha?

Jibuni kwa namba tafadhali. "Inategemea" nimeshaisoma vya kutosha.

---

Mgongo_wa_Mlima alijibu:

Tuanze na la 4, maana ndilo linaloamua mengine yote. Muda wa kukaa haupangwi na viza. Unapangwa na ofisa wa uhamiaji unapoingia, na tarehe aliyokupa utaikuta kwenye rekodi yako ya I-94 mtandaoni. Mwenye B-2, yaani viza hiyo ya utalii, kwa kawaida hupewa miezi 6. Ifungue siku uliyoingia, uisome, uhifadhi nakala kwenye simu. Kosa likiwemo, ni rahisi kulishughulikia ukiwa bado mjini kuliko ukiwa juu ya mlima.

Sasa hesabu. Njia ina zaidi ya km 3,500. Urefu hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka kwa sababu vipande vyake huhamishwa. Toa wiki moja ya kufika na kununua vilivyobaki, toa wiki moja ya akiba mwishoni, unabakiwa na siku kama 165. Katika hizo tuseme 15 ni za kupumzika bila kutembea kabisa. Zinabaki 150, na kila moja inadai km 23 hadi 24.

Inawezekana, ila usizitafute wiki ya kwanza. Siku kumi za mwanzo tembea km 13 hadi 16 tu. Pumzi inazoea ndani ya siku chache, lakini kano na mifupa huchukua wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa: siku ya tano mtu anajisikia yuko imara, anavuta km 28, siku ya nane mfupa wa mbele wa mguu unauma hata akiwa amelala. Ukishafika Virginia utakuwa unakwenda km 25 hadi 30 bila kujilazimisha. Virginia ni takriban robo ya njia nzima, na huko ndiko unakoweka akiba ya siku. Akiba hiyo utaitumia New Hampshire na kusini mwa Maine, kwenye mawe na miinuko ya kupandia kwa mikono, ambako km 16 zinaweza kula siku yote.

Siku ya kawaida inakwenda hivi. Unaamka saa 12 asubuhi, unafunga mzigo, saa 1 au saa 1 na nusu uko njiani. Piga hesabu ya km 3 kwa saa ukijumlisha na vituo vidogo. Kwa miinuko ya Georgia na North Carolina hata 2.5. Mchana vua viatu, vua soksi, anika miguu dakika 20, kisha vaa soksi nyingine na hizo za asubuhi zining'inize nje ya shanta zikauke. Saa 10 jioni tazama maji ya mwisho yako wapi kabla ya mahali unapotaka kulala. Panga kufika kambini saa mbili kabla ya giza. Kupiga hema, kuchota na kuchuja maji, kupika, kuosha miguu na kuhifadhi chakula mbali na dubu ni kazi ya saa nzima na zaidi hata kwa aliyezoea.

Njia imepakwa alama nyeupe kwenye miti na mawe. Alama ya buluu ni njia ya pembeni, mara nyingi inakwenda kwenye maji, kibanda cha kulala au mahali pa kutazama mandhari. Alama mbili nyeupe moja juu ya nyingine maana yake kaa macho, kuna kona au makutano. Ukienda dakika kumi bila kuona alama yoyote, rudi mpaka uione ya mwisho. Usikate porini kuitafuta.

Na zoea maili mapema, kwa sababu vibao na watu wote wa huko wanazungumza maili. Maili moja ni km 1.6.

---

Bi_Shanta alijibu:

La 1 na la 2 niachieni mimi.

Kwa njia hii chakula cha siku 3 hadi 5 kinatosha karibu kila mahali. Anayebeba cha siku 8 anapandisha kilo 3 ambazo hazihitaji. Tazama mwanzo ulivyo, ukihesabu kutoka Springer:

Neel Gap, karibu km 50. Njia inapita katikati ya jengo lenye duka la vifaa na hosteli, huhitaji gari. Dicks Creek Gap, karibu km 111, unashuka Hiawassee kwa gari, km 18 hivi. Winding Stair Gap, karibu km 176, unashuka Franklin, km 16. Nantahala, karibu km 220, pako palepale njiani, mtoni. Fontana Dam, karibu km 267. Kisha Hot Springs, karibu km 442, ambako njia inapita kwenye barabara kuu ya mji wenyewe.

Kwa hiyo mkoba wa kwanza ni wa siku 4 mpaka Neel Gap. Pale bei ni za dukani mlimani, nunua cha siku 4 nyingine tu mpaka Hiawassee, ambako kuna duka kubwa la vyakula. Sehemu inayotaka akili ni Fontana Dam mpaka Hot Springs: km 175, na katikati yake kuna hifadhi ya Great Smoky Mountains. Unaweza kuikata kwa kushuka Gatlinburg kutoka Newfound Gap, kwenye km 334 hivi, lakini mji uko km 24 mbali na una gharama. Wengi hubeba cha siku 4 mpaka hapo, wanaongeza, wanamalizia.

Kiasi: wiki mbili za kwanza gramu 700 hadi 750 za chakula kikavu kwa siku zinatosha, maana mwili mwanzoni hauna hamu ya kula. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne njaa inafunguka, panda gramu 900 hadi kilo moja. Kipimo cha kununulia ni kilokalori kwa gramu: chini ya 3 kirudishe rafuni, lengo ni wastani wa 4.4. Mfano wa siku moja:

- Shayiri ya uji gramu 100, maziwa ya unga yenye mafuta gramu 30: kilokalori 530
- Mikate bapa miwili, gramu 120: 360
- Siagi ya karanga gramu 70: 410
- Jibini ngumu gramu 50: 200
- Njugu na zabibu kavu gramu 100: 500
- Vitafunwa viwili vya chokoleti, gramu 100: 450
- Tambi za haraka gramu 85: 380
- Viazi vya unga gramu 60, vinamwagwa kwenye tambi hizohizo: 210
- Mafuta ya zeituni vijiko viwili vikubwa, gramu 27: 240

Jumla gramu 742, kilokalori 3,280. Mafuta ndiyo siri ya mkoba mwepesi, na ndiyo yanayomwagika. Yatie kwenye chupa ndogo ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, kisha mfuko wa zipu, kisha usimamishe ndani ya sufuria. Kinachopungua katika orodha hii ni protini na mboga. Hivyo uvile mjini, kwa sahani.

Gesi: kuchemsha nusu lita hula gramu 7 hadi 8. Ukichemsha mara mbili kwa siku, mtungi wa gramu 110 ni wiki moja, wa gramu 230 ni wiki mbili. Upepo unaweza kuongeza matumizi hata maradufu, kwa hiyo pika nyuma ya jiwe au gogo. Mtungi usiutie kwenye ndege wala kwenye boksi la posta, nunua hukohuko.

Sasa posta. Ushauri wangu ni maboksi machache mno, matatu au manne kwa njia nzima, na tu pale ambapo duka ni dogo: Fontana Dam, kwa mfano, na Glencliff kule New Hampshire kabla ya White Mountains. Aliyejitumia ishirini hufika mwezi wa pili amechoshwa na shayiri ya ladha moja, na boksi linamfunga: posta ikifungwa Jumamosi mchana, anakaa mpaka Jumatatu akilipia kitanda.

Anwani huandikwa hivi (General Delivery maana yake mzigo unakusubiri posta, ETA ni tarehe unayotarajia kufika):

*Jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti*
*General Delivery*
*Hot Springs, NC 28743*
*Please hold for AT hiker, ETA 5/6*

Mambo manne hapo. Jina lilingane na pasipoti, kwa sababu utaombwa kitambulisho. Jina la utani wanalokupa wenzako njiani halichukui boksi. Tarehe ya Kimarekani inaanza na mwezi, kwa hiyo 5/6 ni Mei 6, si Juni 5. Mzigo haushikiliwi zaidi ya siku 30, usitume mapema kupita kiasi. Na tuma kwa Priority Mail, huduma ya haraka ya posta ya huko: ukiona hulihitaji boksi, kama hujalifungua, posta inalipeleka posta nyingine ya mbele bila malipo mapya. Ukilifungua tu, unalipa upya.

---

Fundi_Kamba alijibu:

Swali la 3. Mji usiuite mapumziko, una orodha ya kazi kama siku nyingine, na ukikosea mpangilio ndio unajikuta umelala usiku wa pili bila kupenda.

Jambo la kwanza linafanyika kabla hujafika. Usiku wa mwisho lala km 3 hadi 6 kabla ya barabara. Unateremka saa 2 au 3 asubuhi, unalipia usiku mmoja, na kesho yake unaondoka saa 6 mchana. Umepata mchana mzima na asubuhi yake kwa bei ya kitanda kimoja. Anayeingia saa 12 jioni analipa kitanda hichohicho, maduka na posta vimefungwa, kesho anafanya kazi zote, na jioni inamkuta palepale.

Mpangilio:

Posta kwanza, ukiwa na boksi. Posta za miji hii hufungwa mchana kwa ajili ya chakula, Jumamosi hufunguliwa saa chache kama zinafunguliwa, Jumapili hakuna. Angalia saa zake mtandaoni siku mbili kabla, ukiwa bado una nafasi ya kuharakisha au kupunguza mwendo.

Pili umeme. Chomeka vitu kabla hujavua shanta vizuri. Tatizo la kawaida hapa ni chaja dhaifu: pawabenki ya mAh 10,000 kwa chaja ya wati 5 inachukua usiku kucha, na simu bado inasubiri zamu. Beba chaja ya matundu mawili ya wati 30, na kabla hujanunua pawabenki soma upande wa *input*: iwe wati 18 au zaidi, vinginevyo chaja kubwa haisaidii. Pini ni mbili bapa. Pawabenki hiyo inajaza simu ya kisasa mara moja na nusu hivi, si mara mbili kama boksi linavyodai, kwa sababu umeme hupotea ukipandishwa volti. Simu ikikaa kwenye hali ya ndege mchana kutwa, ramani na GPS bado zinafanya kazi, na unafika siku 4 au 5 bila wasiwasi.

Tatu kuoga, nne kufua, na vinakwenda pamoja. Vaa koti na suruali za mvua peke yake, kila kitu kingine kiingie mashine. Ndiyo, utaonekana kichekesho; mji mzima umeshazoea. Usitie kilainisha nguo: hufunika nyuzi na soksi za sufu huacha kunyonya jasho. Soksi za sufu zisiingie kwenye kikaushio cha moto mkali, zitasinyaa. Begi la kulalia la manyoya usilifue njiani, lianike tu. Hema nalo litandaze hata kama linaonekana kavu, maana unyevu wa pembeni huzaa kuvu ndani ya siku tatu.

Tano kula. Sita ndiyo sokoni. Usigeuze. Mwenye njaa hununua cha siku saba akidhani ni cha siku nne, halafu anakigawa barabarani kwa wapita njia.

Ukitoka dukani, vunja maboksi yote, hamisha chakula kwenye mifuko ya zipu, takataka zibaki mjini. Vifungashio vya siku tano vina uzito wa gramu 200 hadi 300 na vinajaza shanta kuliko chakula chenyewe. Mwisho safisha chujio la maji kwa kulisukumia maji safi kinyumenyume, kata kucha za miguu zikiwa laini kutokana na kuoga, na tazama soli.

Kuhusu usafiri kati ya barabara na mji: hosteli nyingi zina gari, na kuna madereva wa kulipwa ambao namba zao zimo kwenye programu ya FarOut wanayotumia watembeaji wengi. Uliza bei kabla ya kupanda, na uwe na noti ndogo. Wengi huomba lifti, lakini sheria zake hazifanani katika majimbo yote 14. Ukiomba, simama penye bega pana la barabara gari liweze kutoka salama, vua miwani, weka shanta ionekane, na dereva asipokupendeza mwambie unasubiri mwenzako. Shanta ikae mapajani, isiingie buti.

---

Nyika_Taratibu aliandika:

Asanteni sana, hasa Bi_Shanta kwa orodha ya gramu. Mengine matatu: viatu vinadumu kiasi gani? Vibanda ni vya kutegemea, au nilale hemani kila siku? Na hili la kupe na maji machafu, watu wanatishana au ni kweli?

---

Mgongo_wa_Mlima alijibu:

Viatu vyepesi vya kukimbilia milimani hufa kati ya km 500 na 800. Weka bajeti ya jozi tano. Dalili si tundu juu ya kidole. Ni sponji ya ndani: ikishalala, nyayo na magoti huanza kuuma asubuhi hata baada ya usingizi mzuri. Usinunue jozi zote tano nyumbani. Mguu huvimba na kutanuka mwezi wa kwanza, wengi hupanda nusu saizi hadi saizi nzima, na jozi nne za saizi ya zamani zinabaki mzigo. Agiza jozi ya pili ukiwa umeshajua mguu mpya, itangulie kwenye hosteli au posta iliyo km 150 mbele.

Malengelenge huanza na sehemu inayochoma. Simama papo hapo, hata kama mwenzako anakwenda. Futa jasho, kausha, bandika plasta ngumu ya wanamichezo moja kwa moja kwenye ngozi, uikate pembe ziwe za mviringo ili zisikunjwe na soksi. Iache siku tatu au nne mpaka ijitoe. Soksi ziwe jozi tatu: mbili za kutembelea kwa zamu, moja ya kulalia tu ambayo haitoki hemani. Hiyo ya tatu watu huivaa siku ya mvua kwa sababu ndiyo kavu pekee, na usiku wanalala na miguu ya baridi.

Vibanda viko zaidi ya 250 njia nzima, wastani wa km 13 hivi kutoka kimoja hadi kingine. Vina kuta tatu, sakafu ya mbao, na anayewahi ndiye anayepata. Huwezi kutembea bila hema kwa kuvitegemea. Aprili vya Georgia hujaa kabla ya jioni. Faida yake ni siku ya mvua: unafunga mzigo kavu. Hasara ni mkoromo, na panya. Acha mifuko yote ya shanta wazi na tupu, kwani panya akikuta zipu imefungwa anatoboa kitambaa. Akikuta wazi anaingia, anachungulia, anatoka.

Kanuni inageuka ndani ya Great Smoky Mountains. Huko lazima ulale kibandani nafasi ikiwepo, na ni watembeaji wa njia nzima wenye kibali chao tu wanaoruhusiwa kupiga hema jirani yake kikijaa. Kibali hicho ni dola 40, siku 8 za kuvuka, na unakichukua mtandaoni kabla. Chapisha nakala ya karatasi.

---

Daktari_wa_Porini alijibu:

Kupe na maji si vitisho.

Maji: chujio la nyuzi la mikroni 0.1 linazuia bakteria na vimelea kama giardia, lakini virusi ni vidogo mno na vinapita. Virusi vinavyosumbua njia hii ni norovirus, vya kutapika na kuhara, na milipuko yake imewahi kutokea miongoni mwa watembeaji. Vinaenea zaidi kwa mikono, vibanda na vyoo kuliko kwa chemchemi. Jeli ya alkoholi haivimalizi. Kinachofanya kazi ni sabuni na maji, sekunde 20, angalau mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Usitie mkono kwenye mfuko wa njugu wa mtu, wala usimruhusu atie kwako, mmiminie kiganjani. Ukisikia kibanda fulani kina wagonjwa, kipite, chemsha maji au tumia matone ya klorini dioksidi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa.

Chujio likiganda kwa baridi, limekwisha. Nyuzi hupasuka kwa ndani na huwezi kuona kwa macho. Maji yatapita vizuri kabisa, kuliko hata zamani, na hilo ndilo la kutisha. Aprili kwenye miinuko ya Great Smoky Mountains usiku unaweza kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo likung'ute maji, litie mfuko wa zipu, ulale nalo ndani ya begi la kulalia.

Kupe: hatari ni ugonjwa wa Lyme, hasa kuanzia Virginia kwenda kaskazini, Mei hadi Julai, wakati kupe wachanga wana milimita 1 au 2 tu na hawaonekani kwa urahisi. Puliza permethrin, dawa ya kuua wadudu, ya asilimia 0.5 kwenye viatu, soksi, suruali na hema, nje penye hewa, na uache ikauke kabisa kabla ya kuvaa. Ni ya nguo, si ya ngozi. Hudumu wiki sita au kufua mara sita hivi, kwa hiyo ipange irudiwe mjini. Kila jioni jikague: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kitovu, nyuma ya masikio, mstari wa nywele. Ukimkuta, mshike kwa kibano chenye ncha kali karibu kabisa na ngozi, vuta wima bila kuzungusha. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Andika tarehe na mahali alipouma.

Baki ukijua mambo mawili. Vipele vya mviringo havitokei kwa kila mgonjwa. Homa, uchovu usio wa kawaida na viungo kuuma mwezi Juni au Julai usiviite mafua. Na kama kupe wa aina hiyo amekaa saa 36 au zaidi, daktari anaweza kukupa doxycycline dozi moja ya kinga, ila inatakiwa ndani ya saa 72 tangu umtoe. Hiyo ndiyo sababu ya kushuka mji wa karibu hata kama haumo kwenye ratiba. Bima ya afya ya safari iwe inataja wazi kutembea milimani. Matibabu ya huko bila bima yatakurudisha nyumbani kabla ya mguu.

---

Kobe_Mzee alijibu:

Nakubaliana na mengi, ila Fundi_Kamba amewabana mno. Usiku wa pili mjini si dhambi. Kano ikiuma palepale siku mbili mfululizo, na asubuhi bado ni ngumu, lala siku nzima bila kutembea. Siku moja Franklin ni nafuu kuliko wiki tatu Hot Springs. Ila iwe kwa sababu ya mguu, si kwa sababu wenzako wamebaki. Ni takriban mmoja kati ya wanne anayemaliza njia hii kwa mwaka, na wanaokatishwa na pesa huishiwa mijini.

La pili hakuna aliyeligusa: dubu. Kati ya Jarrard Gap na Neel Gap huko Georgia, kipande cha km 8 hivi, ukilala kuanzia Machi 1 hadi Juni 1 lazima uwe na kopo gumu la kuzuia dubu. Unaweza kukikwepa kwa kulala kabla yake na kukipita mchana. Mimi nasema beba kopo tangu mwanzo hadi mwisho: ni kilo moja, lakini hulitundiki, unaliacha chini mita 60 kutoka hemani, na ni kiti. Lile la lita 7 linameza chakula cha siku nne ukikibana, la lita 11.5 cha siku sita au saba. Dawa ya meno, sabuni na takataka zenye harufu vinaingia humohumo, kwa hiyo pima kabla hujafika mlimani.

Anayetaka kutundika, mfuko uwe mita 4 juu ya ardhi na mita 2 kutoka shinani. Tatizo si kamba. Tatizo ni kuutafuta mti wa namna hiyo gizani, mvua inanyesha, umechoka. Ndipo watu wanautundika kichwani pa dubu.

---

Nyika_Taratibu aliandika:

Kopo la lita 11.5 ndani ya shanta ya lita 50, linakaa wima au kwa kulala?

---

Kobe_Mzee alijibu:

Wima, katikati, juu ya begi la kulalia, likiwa limegusa mgongo. Nguo na hema zijaze mapengo ya pembeni ili lisicheze. Ukililaza, ukingo wake utakula kiuno mpaka Virginia. Kabla ya kununua, lipeleke dukani pamoja na shanta yako ulitie, na ujaribu kulifungua vidole vikiwa na baridi. Baadhi ya vifuniko vinahitaji sarafu au nguvu ambayo asubuhi hutakuwa nayo.